Dublin Ilituambia Mapema

Mpira ulipoondoka mguuni mwa Aidan Birr sikufumba macho. Yadi 44, muda umekwisha, matokeo 21 kwa 21, nami niko Mombasa sebuleni kwa kaka yangu, kompyuta juu ya stuli, chai imepoa kikombeni. Mpira ukapita katikati ya miti miwili. Georgia Tech 24, Florida State 21. Ilikuwa tarehe 24 Agosti 2024, ndiyo kwanza msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani unafunguliwa, na kwa kuwa mechi ilichezwa Dublin, kule Ireland, kwa mara moja niliitazama saa za watu. Ilianza saa moja jioni kwa saa zetu. Mechi nyingine za timu yangu, Florida State, huwa nakesha.

Nimekaa na kipigo kile kwa misimu miwili sasa. Naandika kwa sababu naona mashabiki wenzangu, na nadhani hata wenye timu, bado wanakieleza vibaya, na ukieleza ugonjwa vibaya utaendelea kununua dawa isiyokuwa yake.

Nilisoma Tallahassee, mji wa Florida State, kuanzia 2012, miaka miwili. Sikwenda kwa ajili ya mpira. Lakini ukiishi mji ule, Jumamosi ya Septemba huna pa kujificha. Magari yanajaa kwenye nyasi tangu asubuhi, moshi wa nyama choma unapanda kati ya misonobari, na saa ya mechi ikifika kijana aliyevaa kama Osceola, shujaa wa zamani wa Waseminole, anaingia uwanjani juu ya farasi aitwaye Renegade na kuuchomeka mkuki unaowaka moto katikati ya uwanja. Jina la Seminole, timu inalitumia kwa ridhaa ya kabila lenyewe la Florida. Msimu wa 2013 hatukupoteza hata mechi moja. Fainali ilichezwa Pasadena, tarehe 6 Januari 2014. Zikiwa zimebaki sekunde 13, Jameis Winston akamrushia Kelvin Benjamin, tukaifunga Auburn 34 kwa 31, tukawa mabingwa wa taifa. Kocha wa Auburn usiku ule alikuwa Gus Malzahn. Liweke akilini jina hilo, litarudi. Mimi nilikuwa Tallahassee, na watu nisiowajua walinikumbatia barabarani. Tangu usiku ule ni timu yangu, na haijalishi kwamba sasa bahari nzima iko kati yetu.

Kwa hiyo nielewe ninaposema kwamba Dublin haikuniuma kama mechi moja tu. Tuliingia mle tukiwa na donda. Msimu wa 2023 timu ilishinda mechi 13 kati ya 13, ikatwaa ubingwa wa ligi ya ACC kwa kuifunga Louisville 16 kwa 6, kisha kesho yake kamati ya uteuzi ikachagua Michigan, Washington, Texas na Alabama kwenda kuwania ubingwa wa taifa, ikatuacha nje. Sababu ilikuwa mguu wa Jordan Travis, kwotabeki wetu, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, aliyevunjika mwezi Novemba. Walituambia bila yeye sisi si timu ile ile. Hakuna bingwa wa ligi kubwa aliyekuwa hajafungwa aliyewahi kuachwa nje hivyo katika mfumo ule wa timu nne. Wachezaji zaidi ya 20 wakajitoa kwenye Orange Bowl, mechi ya baada ya msimu, na waliobaki wakafungwa na Georgia 63 kwa 3. Chuo kikaipeleka ACC mahakamani. Miezi minane tulilala na kuamka na neno moja tu: tumeonewa.

Mtu aliyeonewa hujiangalia vibaya kwenye kioo. Hilo ndilo lililotupata. Tulipangwa nafasi ya 10 katika orodha ya ubora ya shirika la habari la AP, tukapewa nafasi kubwa ya kuishinda timu isiyokuwa na nafasi yoyote katika orodha hiyo, tukaenda Ireland kama wadai wanaofuata haki yao. Hatukujiuliza kama tuliobaki ndio wale wale waliodhulumiwa. Wachezaji 10 walikuwa wameshachaguliwa kwenda NFL, ligi ya kulipwa, mwezi Aprili. Timu iliyoonewa Desemba haikuwepo tena Agosti. Kilichobaki ni jezi na hasira.

Na mechi yenyewe ilianza kwa kutudanganya. Mara ya kwanza tu tulipopata mpira tuliupeleka mpaka mwisho, Lawrance Toafili akakimbia yadi 28 na kufunga tachidauni, yaani akaufikisha mpira ukanda wa mwisho. Niliruka. Kaka yangu hakuruka. Yeye haijui futiboli hii, sheria nilikuwa namweleza palepale: una majaribio manne ya kusogea yadi 10, ukifaulu unapewa mengine manne, ukishindwa unautoa mpira. Lakini kaka alicheza raga sekondari, namba tatu, mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinaposhikana na kusukumana, na masikio yake mpaka leo yana uvimbe wa kazi ile. Akawa hatazami mpira kabisa. Anatazama wale wanaume wakubwa wa katikati ambao mimi, kwa zaidi ya miaka kumi ya ushabiki, nilikuwa nawaona kama fanicha.

Robo ya pili akaniambia, "Mdogo wangu, hawa wenu wanasimama wima mno. Tazama viuno. Wale wengine wako chini."

Nikamwambia hii si raga, kaka.

"Kusukumana ni kusukumana," akajibu, akaendelea kutazama.

Jumapili nikairudia mechi yote, safari hii nikiwa nimeapa kutoufuata mpira. Ni zoezi gumu, jicho linavutwa. Nikaweka kidole kwenye kioo, juu ya pale mpira unapoanzia, nikaacha macho yakae pale pale. Nilichokiona ni hiki. Mpira ukichezwa na Georgia Tech, mstari wao mzima unakwenda mbele hatua moja kabla wetu hawajainua mikono. Hatua moja tu, lakini ile hatua inampa mkimbiaji yadi tatu za bure kabla hajaguswa. Mpira ukichezwa na sisi, wetu watano wa mbele, wanaomkinga kwotabeki, wanapokea. Wanapokea vizuri wakati mwingine, lakini wanapokea. Wanasubiri kupigwa. Mwisho wa jioni Tech walikuwa wamekimbia yadi 190, sisi 98.

Kocha wao, Brent Key, mwenyewe alicheza nafasi hiyo hiyo, gadi wa mstari wa mbele, katika chuo hicho hicho cha Georgia Tech mwishoni mwa miaka ya 1990. Timu huwa inafanana na kitu alichokipenda kocha wake alipokuwa kijana.

Angalia dakika zile za mwisho. Tulisawazisha 21 kwa 21 zikiwa zimebaki dakika sita na nusu hivi. Kawaida hapo mtu hujiambia, ulinzi wetu utawazuia, tutaupata mpira, tutamaliza kazi. Hatukuupata mpira tena. Georgia Tech walikaa nao muda wote uliobaki. Hawakufanya la ajabu hata moja: yadi nne, yadi tatu, yadi sita, wanajipanga tena taratibu, saa inakatika. Kila mtu uwanjani alijua watakimbia nao, na walikimbia nao. Kisha sekunde zikaisha na Birr akapiga.

Sisi watu wa Florida State tuna historia ndefu na mikwaju. Mwaka 1991 tulifungwa na Miami 17 kwa 16 kwa mkwaju wetu uliopita kulia mwa miti, na wakati huo tulikuwa nambari moja nchini. Mwaka uliofuata, Miami hao hao, 19 kwa 16, mkwaju ukaenda kulia tena. Wazee wa Tallahassee wakikusimulia hayo wananyamaza kidogo katikati ya sentensi. Kwa hiyo Dublin ilipoisha kwa mkwaju, wote tulikimbilia huko, kwamba ni bahati ile ile, ni laana ile ile. Si kweli hata kidogo. Mpigaji wetu siku hiyo, Ryan Fitzgerald, alifunga mikwaju miwili ya mbali, mmoja wa yadi 59. Kama kuna idara iliyotubeba Dublin ni hiyo. Bila mguu wa Fitzgerald mechi isingefika kuamuliwa na mguu wa Birr.

Wengine walilaumu safari, saa za ndege, usingizi. Tech walipanda ndege kama sisi. Wengine, na hawa ndio walioniudhi kweli, walimgeukia DJ Uiagalelei. Kijana alitoka Clemson akapitia Oregon State, akaja kwetu kwa mwaka wake wa mwisho kubeba nafasi ya Travis. Siku hiyo alikamilisha pasi 19 kati ya 27, yadi 193. Hesabu si mbaya. Tatizo ni aina ya pasi zile: fupi, za pembeni, nyingine zinapokewa nyuma ya pale mpira ulipoanzia. Mtu akiona hivyo anasema kwotabeki ni mwoga. Lakini kocha huita pasi ya namna ile anapojua kwamba mstari wake hautampa kwotabeki sekunde tatu za kusimama. Ile ilikuwa barua ya kocha wetu Mike Norvell mwenyewe, imeandikwa kwa herufi kubwa, kwamba hawaamini watu wake watano wa mbele. Tukaisoma barua ile tukamtukana tarishi.

Yaliyofuata mnayajua, au kama hamjui nitayasema haraka, maana sipendi kukaa nayo. Boston College 28 kwa 13, palepale nyumbani Tallahassee. Memphis 20 kwa 12. SMU 42 kwa 16, na hapo Uiagalelei akaumia mkono asirudi tena. Notre Dame 52 kwa 3, na siku iliyofuata Norvell akawafukuza kocha wa mashambulizi, kocha wa ulinzi na kocha wa wapokeaji. Msimu ukaisha kwa ushindi mara mbili na vipigo kumi, mwaka mmoja tu baada ya 13 bila kufungwa.

Lakini kuna hesabu moja nataka uitazame. Zile pointi 21 za Dublin tulizozililia kuwa ni chache ndizo nyingi zaidi tulizofunga msimu mzima dhidi ya timu ya daraja letu. Baada ya hapo ni 13, 12, 14, 16, 13, 16, 14, 11, 3, na 11. Tulifikisha 41 mara moja tu, dhidi ya Charleston Southern, wanaocheza daraja la chini. Tulidhani Dublin ni siku mbaya. Ilikuwa siku yetu nzuri kuliko zote.

Basi mstari uliozaje hivyo? Hapa lazima nizungumzie usajili, na nitajaribu kuwa wa haki, maana najua jibu la haraka ni kusema timu iliyonunuliwa haina moyo. Tangu 2021 mwanafunzi anaweza kuhama chuo akacheza mara moja bila kukaa nje mwaka, na tangu 2024 anaweza kuhama mara nyingi kadiri apendavyo. Mwaka huo huo wa 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Norvell aliusoma mfumo huo mapema kuliko makocha wengi, na timu ya 2023 tuliyoililia ilikuwa tunda lake: Jared Verse alitoka Albany, Keon Coleman Michigan State, Trey Benson Oregon, Johnny Wilson Arizona State, Braden Fiske Western Michigan. Hata Travis mwenyewe alianzia Louisville. Ukiniambia usajili ndio ugonjwa, nitakuuliza mbona ndio uliotupeleka 13 kwa 0.

Tofauti iko kwenye muda. Travis alifika Tallahassee 2019. Alipovunjika mguu alikuwa mtu wa miaka mitano pale. Verse, Benson na Wilson walikuja 2022, wakacheza msimu mmoja, wakabaki kwa wa pili. Walikuwa wageni waliokwisha kuwa wenyeji. Walipoondoka pamoja, Norvell alitafuta wengine wa kuziba, wa Januari, waanze Agosti. Kwa mpokeaji mwenye mbio inawezekana. Ukimwonyesha pa kukimbilia atakimbia. Kwa mstari wa mbele haiwezekani, au inawezekana mara chache sana, na kaka yangu alinieleza kwa nini bila kujua hata jina la chuo chetu.

Alisema kwenye skramu nguvu yako ni robo ya kazi. Kazi nyingine ni kumjua aliye begani mwako, anavuta pumzi lini, mguu upi anautanguliza, akichoka anaegemea upande gani. Yeye na mwenzake wa katikati walisukumana pamoja miaka mitatu, wakafika mahali hawahitaji kuambiana. Akaletwa kijana mwenye nguvu kuliko wote kutoka shule nyingine, na muhula mzima skramu ilikuwa inageuka. Kijana hakuwa na kosa. Walikuwa hawajazoeana tu.

Watu watano wanaotakiwa kupiga hatua moja kwa wakati mmoja huwezi kuwanunua mmoja mmoja sokoni. Tena sokoni hawapo. Chuo chenye mwanafunzi wa mstari wa mbele aliyeiva hakimwachi aondoke. Wanaopatikana ni wale ambao mwenyewe wa kwanza ameshaamua anaweza kuishi bila wao. Bobby Bowden, kocha wetu wa zamani aliyekaa Tallahassee kuanzia 1976 mpaka 2009, alimaliza misimu 14 mfululizo akiwa ndani ya tano bora za taifa, 1987 hadi 2000, na ubingwa mara mbili ndani yake. Zama zilikuwa nyingine, nakubali, wachezaji hawakuwa na njia rahisi ya kuondoka. Lakini kijana wa miaka 18 aliingia kwa Bowden akiwa mwembamba, akala, akabeba vyuma, akakaa benchi miaka miwili akimtazama mkubwa wake, na alipoingia uwanjani tayari alikuwa ndugu wa aliye begani mwake.

Sasa nije kwenye sehemu iliyoniumbua mimi mwenyewe, maana nilidhani nimeshaelewa yote.

Tarehe 30 Agosti 2025 msimu mwingine ulifunguliwa, safari hii nyumbani, dhidi ya Alabama waliopangwa nafasi ya nane. Norvell alikuwa ameachia dola milioni 4.5 za mshahara wake kusaidia timu. Alikuwa amemleta Gus Malzahn, yule yule wa Auburn, kuwa kocha wa mashambulizi. Na kwotabeki mpya alikuwa Thomas Castellanos, kijana aliyekuwa na Boston College siku walipotufunga 28 kwa 13 mwaka uliotangulia. Mstari wa mbele ulikuwa mpya, wengi wao wametoka vyuo vingine. Nikamwita kaka. Nikatazama viuno tangu mchezo wa kwanza, kama mwanafunzi wake mtiifu.

Tukaifunga Alabama 31 kwa 17. Alabama haikuwa imepoteza mechi ya ufunguzi tangu 2001. Tulikimbia yadi 230. Castellanos alirusha mara 14 tu, hakuhitaji zaidi. Mstari ulikwenda mbele, niliuona kwa macho yangu, na saa nane usiku nikamwambia kaka kwamba tumepona.

Hatukuwa tumepona. Tuliwafunga wanyonge wawili kwa mabao mengi, tukapanda hadi nafasi ya nane nchini, kisha Virginia wakatushinda 46 kwa 38 katika muda wa nyongeza wa pili. Miami 28 kwa 22. Pittsburgh 34 kwa 31. Stanford 20 kwa 13. Vipigo vinne mfululizo na hakuna kilichozidi pointi nane. Msimu ukaisha kwa ushindi mara tano na vipigo saba. Ugenini tulicheza mara tano, tukafungwa mara tano. Ukiunganisha na 2024, ni misimu miwili mizima bila kushinda hata mechi moja kwenye uwanja wa mwenyeji mwingine.

Nilikaa na swali hilo wiki kadhaa. Kama mstari ndio roho ya jambo, na mstari uliisukuma Alabama, ilikuwaje Stanford wakatuzuia na pointi 13? Nadhani jibu ni hili. Mechi ya ufunguzi ndiyo pekee ambayo kocha ana miezi minane ya kuiandaa na mpinzani hana picha hata moja ya kukutazama. Malzahn ni fundi wa kuficha: mchezaji anakimbia huku, mpira unakwenda kule, mlinzi anasita nusu sekunde. Mlinzi anayesita huwa tayari amesukumwa. Alabama walisita jioni nzima. Nilichokiona nikidhani ni nguvu ya mstari wetu, sehemu yake kubwa ilikuwa mshangao wao. Picha zilipopatikana, mechi ya nne, ya tano, walinzi wakaacha kusita, na watu wetu wa mbele wakabaki na mabega yao tu.

Ndiyo maana nasema matokeo ya ufunguzi yanaweza kukudanganya kwa pande zote mbili, lakini kuna kitu ndani ya mechi ile hakidanganyi, ukijua pa kukitafuta. Kiko kwenye yadi zile ambazo kila mtu anajua kinachokuja. Dakika sita na nusu za Dublin zilikuwa hivyo. Tech hawakutushangaza. Walituonyesha mpira mkononi, wakatuambia tunapita hapa, wakapita. Na timu ile haikuwa ya kubahatisha: mwezi Novemba mwaka huo walikwenda kwa Georgia, wakapigana nao mpaka vipindi vinane vya nyongeza, wakafungwa 44 kwa 42.

Chini ya Norvell tumepoteza mechi ya kwanza ya msimu mara tatu. Mwaka 2020, kwa Georgia Tech hao hao, 16 kwa 13. Mwaka 2021 kwa Notre Dame, 41 kwa 38 baada ya muda wa nyongeza. Mwaka 2024 Dublin. Misimu yote mitatu iliisha vipigo vikiwa vingi kuliko ushindi. Mara zote tatu tofauti ilikuwa pointi tatu, na mara zote tatu tulisema tumekosa kidogo tu. Pointi tatu ni mkwaju mmoja, ndiyo, lakini mkwaju ni mwisho wa safari, na ni yadi tatu tatu zilizomfikisha mpigaji pale aliposimama.

Norvell amebaki. Uongozi ulitangaza hivyo Novemba 2025, na kila mtu anajua kwamba kumwondoa kungegharimu makumi ya mamilioni ya dola kwa mkataba wa zaidi ya milioni 10 kwa mwaka alioongezewa Januari 2024, siku Alabama ilipokuwa inatafuta kocha. Mashabiki wengi wamekasirika. Mimi sina haja na kichwa cha mtu. Hasira yangu iko mahali pengine: tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote ya chuo. Maana yake uamuzi sasa uko mezani, kwa namba. Unaweza kumpa kwotabeki wa mwaka mmoja fungu nono, watu wakanunua jezi, picha zikapendeza. Au unaweza kwenda kwenye shule za sekondari za Florida na kusini mwa Georgia ukatafuta vijana watano wa miaka 17, wakubwa, wasiojulikana, ukawalipa vizuri ili wabaki, ukamwambia mzazi wa kila mmoja kwamba mwaka wa kwanza na wa pili hatacheza na asihamaki. Hakuna atakayepiga makofi siku ya kutangaza majina yao. Faida yake itaonekana mwaka wa tatu. Kocha anayeogopa kufukuzwa mwaka wa kwanza hawezi kufanya hivyo peke yake, na ndiyo maana nalitupa swali hili kwa wenye timu kabla ya kulitupa kwa Norvell: je, mmempa miaka hiyo, au mmempa mshahara tu?

Nayaandika haya nikijua niko mbali, na kwamba hakuna mtu Tallahassee anayesubiri ushauri kutoka Mombasa. Lakini nimekesha na timu hii usiku mwingi mno kujifanya haininyimi raha. Asubuhi baada ya Stanford nilikwenda kazini macho mekundu, na mwenzangu mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa. Sikumsahihisha mara moja.

Kaka amekuwa mgonjwa wa mchezo huu sasa kuliko mimi. Juzi aliniuliza ufunguzi ni lini na tunaanza na nani. Nikamwambia jina la mpinzani halinishughulishi sana, wala nani atakuwa kwotabeki. Kitu ninachokisubiri ni kidogo. Jaribio la tatu, yadi mbili zimebaki, robo ya nne, ugenini, uwanja mzima unapiga kelele na kila aliye ndani yake anajua mpira utakimbizwa katikati. Hakuna hila, hakuna wa kukimbia upande wa pili kumdanganya mlinzi. Nataka kuona wanaume watano wakishuka viuno pamoja.

"Yadi mbili tu?" akauliza kaka.

Yadi mbili tu.